Jinsi ya kusoma barua za Ward na Ross

Lester Ward na Edward Ross walikuwa wanasosholojia wa Marekani walioandikiana barua. Ukizisoma, usianze na barua ya kwanza. Mimi nilianza hivyo, nikasinzia. Anza na mwaka 1900, Edward Ross alipolazimishwa kuondoka Chuo Kikuu cha Stanford kwa sababu ya maoni yake, halafu rudi nyuma.

Weka karatasi pembeni, andika nani yuko wapi. Lester Ward alikuwa mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) serikalini, Washington. Uprofesa wa Chuo Kikuu cha Brown aliupata mwaka 1906, akiwa na miaka 65! Kwa hiyo mihadhara ikitajwa, kumbuka: Ross anaishi kwa kufundisha, Ward, kabla ya 1906, anaihubiri elimu kama dawa ya jamii akiwa nje ya darasa.

Salamu za nyumbani usiziruke. Ross alioa katika familia ya Ward.