Pango na Reti za Duka Nchini England: Pima Fremu Yako Kabla ya Kujibu Barua

Mwenzetu anayefungua duka la vyakula au nguo nchini England hudaiwa na watu wawili tofauti: mwenye jengo, anayelipwa pango, na halmashauri, inayokusanya kodi ya jengo la biashara, ambayo wengi wetu huiita reti. Aliyezoea fremu za Kariakoo, ambako kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima hudaiwa kwa mkupuo, hufurahi kukuta pango linalipwa kila robo mwaka, na katika furaha hiyo husaini mkataba bila kusoma kifungu cha mapitio.

Kwa kawaida pango hupitiwa kila baada ya miaka mitano, na katika mikataba mingi linaweza kupanda au kubaki palepale, lakini halishuki hata mtaa ukidorora. Muswada uliowasilishwa bungeni Julai 2025 ulikusudia kupiga marufuku kifungu hicho cha pango kutoshuka katika mikataba mipya. Kiasi ambacho mwenye jengo anakuandikia ni pendekezo tu. Msipoafikiana, mikataba mingi huruhusu mtaalamu huru kuteuliwa kupitia taasisi ya wapima majengo, RICS. Soma hata hivyo muda wa kujibu, kwa sababu ipo mikataba inayomhesabu aliyenyamaza kuwa amekubali.

Reti nazo hutokana na thamani ambayo kitengo cha serikali cha uthamini, VOA, hulipangia duka kwa kukadiria pango lake la mwaka. Makadirio yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2026 yanafuata hali ya soko ya tarehe 1 Aprili 2024. Eneo la mbele, mita 6.1 za kwanza kutoka dirishani, huhesabiwa kwa bei kamili, na mita 6.1 zinazofuata kwa nusu yake.

Chukua duka lenye upana wa mita 5 na kina cha mita 12.2, kwa bei ya mfano ya pauni 300 kwa mita ya mraba: mbele ni pauni 9,150, nyuma 4,575, jumla 13,725. Sasa tuseme mita za mraba 15 za nyuma ni stoo iliyozibwa kwa ukuta, nayo ikakadiriwa kwa sehemu moja ya kumi ya bei ya mbele. Jumla inashuka hadi pauni 11,925. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mwenye duka moja tu ambalo thamani yake haizidi pauni 12,000 husamehewa reti zote, na msamaha hupungua hatua kwa hatua hadi kwisha kwenye pauni 15,000. Lazima uuombe halmashauri.

Nafuu ya asilimia 40 ya reti za maduka iliyokuwapo mwaka 2025/26 imekoma. Badala yake maduka madogo ya rejareja hutozwa peni 38.2 kwa kila pauni ya thamani.

Vipimo hivyohivyo vipeleke kwenye mazungumzo ya pango, maana wapima wa mwenye jengo hutumia mgawanyo huohuo wa mbele na nyuma. Kurekebisha taarifa za duka VOA ni bure, kwa hiyo anayepiga simu kukuahidi kushusha reti kwa malipo ya awali mwambie hapana.