SOMO: Pikipiki inayumba kwenye tope na makorongo, jinsi ya kurudisha usukani kwenye mstari

Mvua zikianza Novemba, mfinyanzi wa Mufindi na Njombe unageuka sabuni, na udongo mweusi wa Rungwe na Uporoto unanata hadi unajaza madigadi. Mvua zinaendelea hivyo mpaka Aprili au Mei. Kwa miezi hiyo yote pikipiki yenye kasoro ndogo ya usukani, ambayo kiangazi ilivumilika, inaanza kuangusha watu.

Somo hili ni la pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria, viazi na mbao huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Sharti ni moja: rekebisha kitu kimoja, endesha kilomita mbili tatu, ndipo ugusie kingine. Ukibadili tairi, oili ya shokapu na gololi za usukani (vijipira vya chuma vya shingo yake) siku moja, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

HATUA YA 1: Upepo na tairi

Pima upepo asubuhi kabla pikipiki haijatembea. Kwa tairi za 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, pikipiki nyingi zinataka psi (kipimo cha upepo) 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, kisha nyuma inapanda kwenye 32 hadi 36 ukiwa na abiria au mzigo. Namba kamili ya pikipiki yako iko kwenye kibandiko karibu na cheni au kwenye kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuata. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba hakupimi kitu. Nunua geji.

Baridi nayo inakula upepo. Tairi uliyoijaza mchana wa jua, joto likipungua nyuzi 10 usiku, asubuhi inasoma pungufu kwa psi 1 hadi 1.5. Kwa Makete na Njombe mwezi Juni na Julai, hilo linatosha kufanya usukani uwe mzito.

Njia ikiwa tope tupu, shusha mbele hadi 20 au 22 ili tairi lilale na kushika. Usiende chini ya 18. Tairi litaanza kuzunguka peke yake kwenye rimu, liburute tyubu, na mdomo wa valvu ukatike. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima, tyubu imeshaanza kuburutwa. Na ukirudi kwenye lami, jaza tena.

Tairi la mbele lenye michirizi mirefu ya kuzunguka ni zuri kwenye lami kavu. Kwenye tope michirizi hiyo inajaa, tairi linakuwa laini kama yai, na ukikata kona pikipiki inaendelea kwenda moja kwa moja. Kwa anayeshinda njia za mashambani, tairi la meno mbele linasaidia kuliko kifaa chochote utakachouziwa. Angalia mshale ubavuni mwa tairi, ufuate mzunguko wa gurudumu.

HATUA YA 2: Gololi na bakuli za usukani

Hapa ndipo kasoro nyingi zinapojificha, na ndipo mafundi wengi wanapoharakisha.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka tofali au kipande cha mbao chini ya injini hadi gurudumu la mbele lielee. Fanya vipimo viwili.

Cha kwanza: kaa mbele ya pikipiki, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta kwako kisha sukuma. Ukisikia "kok" kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea. (Hakikisha mlio hautoki kwenye beringi za gurudumu. Kwa hizo, shika tairi lenyewe juu na chini ulitikise.)

Cha pili: sukuma usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Unapaswa kuanguka wenyewe pande zote mbili bila kukwama. Ukihisi unaingia kwenye shimo dogo ukiwa katikati, bakuli ambamo gololi zinazunguka zimechongeka. Gololi zimegonga sehemu ileile kwa maelfu ya mashimo, kwa sababu muda mwingi usukani uko katikati. Pikipiki ya namna hii inatembea kama mlevi: unasahihisha kidogo, usukani unakataa, unaongeza nguvu, unapitiliza.

Kama imelegea tu:
- Legeza nati kubwa ya juu ya shingo, na bolti zinazobana miguu ya shokapu kwenye sahani ya juu (bamba linaloshika miguu hiyo karibu na usukani).
- Chini ya sahani hiyo kuna nati ya duara yenye mapengo. Izungushe kwa spana ya ndoano, robo ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Kuigonga kwa patasi na nyundo kunaila mapengo, na safari ijayo haitashikika.
- Kaza nati ya juu, halafu rudia vipimo vyote viwili. Nati ya juu inaposhuka inaikandamiza ile ya chini, kwa hiyo kilichokuwa sawa kinaweza kuwa kimebana. Kosa hili ni la kila siku.
- Malizia na bolti za sahani.

Kukaza kupita kiasi ni kubaya kuliko kulegea kidogo. Usukani uliobana hauwezi kujinyoosha wenyewe, na pikipiki husimama wima kwa kujinyoosha kila sekunde bila wewe kujua.

Kama bakuli zimechongeka, badilisha seti nzima: bakuli za juu, za chini na gololi zote. Gololi mpya kwenye bakuli la zamani zinarudi kwenye mashimo yaleyale ndani ya wiki. Zihesabu za juu na za chini kabla ya kuzitoa, maana kwenye baadhi ya pikipiki idadi hailingani. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi mpya hadi gololi zizame. Na ukienda kuosha pikipiki kwa mashine ya presha, mwambie kijana asielekeze maji shingoni wala kwenye ekseli. Maji yale yanafukuza grisi na kuacha kutu.

HATUA YA 3: Shokapu za mbele

Bonyeza usukani chini kwa nguvu ukiwa umeshika breki ya mbele, kisha achia. Unatakiwa upande mara moja na kutulia. Ukiruka mara mbili tatu, oili imeisha au imechoka.

Kiasi cha oili kiko kwenye kitabu. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni kati ya ml 140 na 200 kila mguu. Pima kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano, pande zote sawasawa. Mguu mmoja ukizidi, shokapu zinafanya kazi kwa kupishana na usukani unajipinda ukigonga shimo.

Tumia oili ya shokapu, uzito wa SAE 10. Kumimina oili ya injini ya 20W-50 kumezoeleka, na mchana wa joto Mbarali huenda usione shida. Panda nayo Kitulo alfajiri: inakuwa nzito kama asali, shokapu hairudi haraka, na gurudumu linaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata.

Baada ya kumimina, kabla ya kufunga vifuniko, pampu mara 10 polepole kutoa hewa.

HATUA YA 4: Gurudumu la nyuma lifuate la mbele

Alama za kwenye foku ya nyuma (mikono inayoshika gurudumu la nyuma) si za kuaminika sana, hasa kwa pikipiki iliyowahi kuanguka. Tumia uzi wa fundi mwashi. Uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili kuja mbele, uguse mbavu za tairi la nyuma mbele na nyuma. Usukani ukiwa umenyooka, pengo kati ya uzi na tairi la mbele liwe sawa kushoto na kulia. Kwa tairi za 2.75 na 3.00 ni kama mm 3 kila upande. Likiwa 6 huku na 0 kule, gurudumu la nyuma limekaa kombo: rekebisha kwa viungo vya kuvutia cheni, ukiangalia mlegezo wa cheni ubaki mm 25 hadi 30.

Halafu shika tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Foku nzima ikicheza, bushi zimekwisha. Gharama yake ni ndogo, lakini zikiwa zimeisha hakuna usukani utakaonyooka.

HATUA YA 5: Mzigo

Gunia la viazi likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, linanyanyua mbele kama mizani. Gurudumu la mbele linabaki limegusa tu, halishiki. Sogeza mzigo mbele hadi uguse mgongo wako, gawa vifurushi viwili vining'inie chini pande zote, na pandisha springi za shokapu za nyuma, ngazi sawa kushoto na kulia. Lumbesa juu ya keria hairekebishiki kwa spana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tukuyu): Shikamoo fundi. Usukani wangu unatetemeka nikipunguza mwendo kutoka 60 hadi 40, nikiwa peke yangu sioni shida nyingine.
Jibu: Marahaba kijana. Anza na tairi la mbele: pitisha kiganja juu yake mbele na nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno, limelika vibaya. Kama ni laini, nenda kipimo cha kwanza cha Hatua ya 2. Gololi zilizolegea kidogo hujitokeza hasa wakati wa kupunguza mwendo.

Swali (Mafinga): Baada ya kuanguka kwenye korongo, gurudumu likiwa limenyooka usukani unaangalia kulia. Fundi anasema nibadilishe shokapu zote.
Jibu: Subiri kwanza, mkuu. Mara nyingi miguu imejisokota tu kwenye sahani. Legeza ekseli na bolti za sahani ya chini na ya juu, bana gurudumu kati ya magoti, nyoosha usukani. Pampu mara tano, kisha kaza ekseli, sahani ya chini, ya juu. Usukani ukigoma kunyooka, toa miguu uibiringishe juu ya kioo. Uliopinda utaonekana ukiruka.

Swali (Makambako): Mimi ni mfupi, miguu haifiki chini vizuri. Naweza kuweka shokapu fupi za nyuma?
Jibu: Unaweza dada, ila ukishusha nyuma peke yake, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mzito kukata kona na mwepesi kuteleza. Ukishusha nyuma mm 20, pandisha miguu ya mbele kwenye sahani mm 10 hadi 15, kisha bonyeza hadi mwisho uhakikishe tairi haligusi madigadi. Kupunguza sponji ya siti ni njia salama zaidi, nawe ungeanza hapo.

Swali (Chimala): Nikishuka kona 57 kutoka Matamba kwenye tope, nitumie breki ipi?
Jibu: Gia ya pili, injini ikushikie, breki ya nyuma kwa kugusagusa. Ya mbele itumike tu pale pikipiki imesimama wima na ardhi ni ngumu. Ukiigusa usukani ukiwa umekata, gurudumu linafunga na umelala. Breki zako zikiwa za dramu na umetoka kuvuka maji, zikaushe kwa kuziburuta kidogo kabla ya kona ya kwanza.

Swali (Iringa mjini): Shokapu inavuja kwa juu, sili nimebadilisha mwezi uliopita.
Jibu: Pitisha ukucha kwenye chuma kinachong'aa. Ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, hapo ndipo sili inakatwa. Mkwaruzo mdogo unasuguliwa kwa msasa wa maji namba 1000 kwa kuzunguka, si kwa kupanda na kushuka. Ukiwa mkubwa, chuma kibadilishwe.