Kutafuta mababu makaburini huku pwani, anzia hapa

Usiende makaburini kabla hujakaa na wazee. Yani kaa na bibi, shangazi, mzee yeyote wa ukoo aliebaki, muulize jina la babu mpaka bin ya tatu au ya nne, alikua mtaa gani, akiswali msikiti gani, nani alisimamia mazishi. Bila hivyo utazunguka tu, maana makaburi mengi ya kiislam huku kwetu hayana hata jina, ni jiwe la kichwani na la miguuni basi, na anaejua nani kalala wapi ni mzee mmoja tu wa mtaani. Huyo ndo wa kumsaka, pitia kwa imamu au mjumbe, jitambulishe we mtoto wa nani, simu ya kupiga picha itoe baadae.

Yale yenye maandishi, mengi yameandikwa kiarabu. Kama husomi muombe ustadhi muende nae, ila tarakimu hata mwenyewe unaweza: sifuri ni nukta, tano ni kiduara (wengi wanaisoma sifuri, hapo 1350 inageuka 1300 na ukoo mzima unavurugika), saba imekaa kama V na nane ni V iliyopinduliwa. Mwaka utakua wa hijria, zidisha kwa 0.97 alafu jumlisha 622, mfano 1318 inaangukia kwenye 1900 hivi.

Kama yamefifia nenda asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, au mulika tochi ya simu kwa ubavuni, herufi zinatokeza zenyewe. Brashi ya waya, chaki, sabuni, hapana jamani, mawe yenyewe yamechoka. Na piga picha makaburi ya jirani pia, ndugu huzikwa karibu karibu.

Ukiwa Bagamoyo kila mtu atakupeleka Kaole, magofu ya tangu karne ya 13, makaburi yana nguzo, pazuri sana, ila kwa ukoo wako hapatakusaidia kitu, ni kwa kutembea tu. Misheni ya Wakatoliki ilioanza 1868 ndo ina maana zaidi kama mababu zako walikombolewa utumwani, waliwekwa kijiji palepale wakabatizwa na kupewa majina mapya, kwahiyo jina la msalabani linaweza lisifanane kabisa na lile bibi analolitaja. Hapo kaburi peke yake halitoshi, muandikie paroko barua ya heshima uombe kuangaliziwa vitabu vya ubatizo, na uweke makadirio ya miaka, sio "naomba kumjua babu yangu" basi. Wa Mombasa hivyohivyo kwa Freretown na Rabai, navyo vilikua vijiji vya misheni vya waliokombolewa, ila huko ni Waanglikana.

Wa Unguja nyie mna bahati, ofisi ya Nyaraka (kumbukumbu za serikali) pale Kilimani kuna hati za zamani za nyumba, mashamba na wakfu (mali iliyofungwa kwa ajili ya dini au familia), na kwenye wakfu mara nyingi watoto wanatajwa kwa majina. Nenda na yale majina ya kaburini ukiwa umeshayaandika pembeni.