Kabla hujakata kioo cha sampu ya akwariamu ya maji ya chumvi

Kama uko hapa Goma na unataka kujitengenezea sampu, kile kioo cha pili kinachokaa chini ya akwariamu, anza na kabati. Lita moja ya maji ya chumvi ni kilo moja na zaidi kidogo, na hapo hujahesabu kioo wala mawe, kwa hiyo kabati ya mbao laini usijaribu. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya ukungu, iache ikauke siku kadhaa, kisha jaza sampu maji ya robine ikiwa nje na uilaze usiku mzima uone kama inavuja. Shaba isiguse maji popote, inaua kamba na konokono.

Sasa kuran, yaani umeme. Hapa soma polepole.

Kwa sampu maji yanashuka yenyewe toka kioo cha juu, yanapita vyumba, pompi inayarudisha. Mimi nilipima vyumba, nikapima sponji, hata nafasi kati ya vioo ili mapovu yasifike kwa pompi, ila sikupima kuran ikikatika, na huku unajua vile inakatika. Saa nane za usiku pompi ikanyamaza. Ule mdomo wa tiyo ya kurudisha maji nilikuwa nimeuzamisha sentimita 8, niliona inapendeza. Kumbe pompi ikisimama maji yanageuza njia, yanavutwa chini kwa tiyo ileile mpaka mdomo upate hewa. Kioo changu cha juu ni sentimita 100 kwa 40, piga na zile 8, ni lita 32! Sampu ilikuwa na nafasi ya lita 12. Lita 20 za maji ya chumvi zikaenda kwa sakafu, multiprizi ilikuwa chini, na aliyeamka wa kwanza ni mtoto wangu, miguu mitupu. Kuran ilikuwa haijarudi, Mungu asifiwe, mpaka leo nikikumbuka mwili unanitetemeka. Asubuhi kwa haraka nikarudishia bidoni nzima ya maji matamu, chumvi ikashuka ghafla na kamba wangu wawili wakafa.

Basi mdomo wa tiyo uwe karibu na uso wa maji, toboa katundu chini kidogo ya uso ili kaingize hewa, na ukasafishe kila wiki maana kanaziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, chokaa kidogo tu inaizuia kufunga. Kisha chomoa pompi mwenyewe mchana, ngoja maji yatulie, sampu isifike ukingoni, washa tena, piga alama pale maji yanapokaa na usizidishe hapo kamwe. Multiprizi ipande ukutani, waya uning'inie chini yake kwanza ndipo upande, tone lisifuate waya hadi ndani.

Maji yakipungua kwa joto, ongeza matamu kidogo kidogo, chumvi haipai na mvuke. Yakimwagika, rudishia ya chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, weka bidoni moja tayari. Chumvi ya jikoni hapana, maji ya ziwa Kivu si ya bahari, na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkeno ya Nyiragongo ina asidi, iache. Tafuta pompi ya hewa ya batri pia, kuran ikikawia samaki wanakosa pumzi. Na ukienda Bukavu hata siku mbili, acha nyumbani mtu anayejua pompi inachomolewa wapi, mwonyeshe kwa mkono, usimwelezee kwa simu.