Nasaba yetu ilikuwa ndani ya daftari la hitima

Nyumbani kwetu Pangani, kila hitima hutolewa daftari yakasomwa majina ya marehemu wetu, ndipo dua iombwe. Nimelisikia tangu utotoni, wala sikuwahi kufikiri kwamba ile ndiyo shajara yenyewe ya ukoo wetu. Nilipoanza kutafuta nasaba nilimkimbilia ami yangu, mkubwa kuliko wote waliobaki. Akanitajia wanaume saba mfululizo, bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut, kule Yemen. Mwanamke hata mmoja! Kana kwamba walizaana wenyewe.

Kwa hiyo usianze na mzee wa ukoo. Anza na daftari, kisha waombe jamaa wa mbali wakupigie picha lao kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilipata la Pemba na la Mombasa. Yapange pamoja uyasome. Jina lililomo katika yote matatu, aghalabu ni la mtu aliyeishi kabla ukoo haujatawanyika. Lililomo katika moja tu ni la mlango ule wa ukoo peke yake, au ni mkwe waliyempenda.

Angalia majina yanayojirudia. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, basi kina Hamisi tunao wanne. Kwenye karatasi yangu ya kwanza nilimwoza Hamisi bibi yake mzaa baba, maana babu na mjukuu niliwafanya mtu mmoja. Binamu yangu aliyeko Maskati alicheka mpaka akakata simu. Tangu siku hiyo kila jina naliandikia mawili: mama yake nani, na kaburi lake liko wapi. Na ukiambiwa "huyu ndugu yake", uliza kama ni tumbo moja.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Piga simu baada ya Isha, ulizia hali, toa habari za misiba, kisha taja ukoo kwa makosa ya makusudi. Ukimwomba bibi akueleze, atakwambia amesahau. Ukikosea mbele yake, hatavumilia. Mwaka aliozaliwa marehemu usiulize. Uliza: Waingereza walipokuja kupigana na Wajerumani pale Tanga, Novemba 1914, alikuwa keshatiwa jando? Mapinduzi ya Unguja, Januari 1964, yalimkuta ana mtoto mgongoni?

Kuna majina yatakayoleta kimya. Katika daftari la Pemba yumo mwanamke anaitwa Faida, basi, bila "binti" wa mtu yeyote. Nilipomuuliza shangazi wa huko akasema, "Huyo tumwombee tu, mwanangu." Nikaelewa. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria 1897, na kwetu Tanganyika mpaka 1922. Waliowalea wazee wetu waliuona kwa macho. Ukifika hapo usifukue, wala usimtafutie marehemu baba wa kubuni ili karatasi ipendeze. Ami alitaka nimwandike binti wa sharifu. Nilikataa, tukanuniana wiki mbili.

Faida nimemwandika kama alivyo, chini yake watoto wake watatu, na pembeni nimeacha nafasi ya vidole viwili. Shangazi akitaka kuijaza, namba yangu anayo.