Jinsi ya kupima kama mshahara wako unatosha kuishi vizuri

Anza na kinachoingia mkononi baada ya kodi, pensheni na makato mengine. Namba ya kwenye mkataba iache. Kama kipato chako hupanda na kushuka, tafuta wastani wa miezi 12, lakini utazame pia mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu mwenye nyumba hadai pango kwa wastani.

Kisha andika matumizi kwa miezi mitatu. Hesabu nyingi huharibikia hapa: chakula, pango na nauli vinaandikwa, lakini ada, bima, matibabu na matengenezo vinasahaulika kwa kuwa haviji kila mwezi. Vijumlishe vya mwaka mzima, ugawe kwa 12. Vinavyochakaa navyo vina zamu yake: simu ya 3,600 inayodumu miaka mitatu inakula 100 kila mwezi, hata kama hujaigusa pochi.

Sasa tafuta kiwango cha chini cha maisha yenye staha. Njia ya watafiti Richard na Martha Anker hujumlisha chakula, makazi na mahitaji mengine ya familia, huongeza asilimia 5 ya dharura, kisha hugawa kwa idadi ya wanaofanya kazi. Mahitaji yakiwa 9,500, dharura ni 475, jumla 9,975. Mmoja akifanya kazi kutwa nzima na mwingine nusu, gawa kwa 1.5: kila kazi ya kutwa ilipe 6,650 mkononi. Hiyo ni staha tu. Raha huanza pale unapoweza pia kujenga akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6.

Kanuni kwamba pango lisizidi asilimia 30 ya kipato haitoshi peke yake. Mwenye kipato kidogo anaweza kuitii na bado akalala njaa, kwa hiyo angalia kinachobaki.

Nyongeza nayo ipime. Mshahara ukipanda asilimia 5 na bei asilimia 8, gawa 1.05 kwa 1.08: unapata 0.972, yaani umepoteza karibu asilimia 3. Tumia bei za kapu lako mwenyewe, yaani vitu unavyonunua wewe. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya kipato. Chakula kikipanda kuliko vingine, mfumuko wa bei unaotangazwa hauonyeshi maumivu yako yote.

Ukikuta pengo kati ya kipato na mahitaji, anza na pango, usafiri na riba za mikopo. Kufuta chai ya kazini hakuzibi pengo la asilimia 20. Likibaki hata baada ya hapo, tatizo ni mshahara: peleka hesabu hizi kwenye mazungumzo ya nyongeza.