Namna ya Kuoanisha Kipenyo cha Tairi na Uwiano wa Difu ili Gari la Misuli Lichomoke

Mwenye gari la misuli la Kimarekani, yaani gari lenye injini kubwa na nguvu nyingi, liwe Pontiac GTO ya 1964 au Chevelle ya miaka iliyofuata, akitaka gari lake lichomoke kwa kasi zaidi, kwa kawaida hukimbilia injini: kabureta, kamshafti na mabomba ya moshi. Ninashauri aanzie nyuma, kwenye matairi na difu (kasha la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma), kwa kuwa hapo ndipo panapoamuliwa ni kiasi gani cha nguvu ya injini ya V8 (ya silinda nane) kitakachofika barabarani. Tena asichague tairi leo na gia za difu mwezi ujao kana kwamba havihusiani, maana kipenyo cha tairi na uwiano wa difu vimo katika hesabu moja, na ukigusa kimoja umekwishagusa na kingine.

Uwiano wa difu ni idadi ya meno ya krauni (gia kubwa ya difu) ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni ya meno 41 ikiendeshwa na pinioni ya meno 11 hutoa 3.73, yaani propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu, huzunguka mara 3.73 ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, msokoto wa injini (nguvu yake ya kuzungusha) huongezeka unapofika kwenye ekseli, ila injini nayo hulazimika kuzunguka zaidi kwa mwendo uleule. Tairi hufanya kazi kinyume chake: likiwa refu, yaani lenye kipenyo kikubwa, nguvu ya kusukuma barabara hupungua, kwa sababu msokoto uleule sasa unafanya kazi kutoka mbali zaidi na kitovu cha gurudumu.

Anza kwa kujua ulicho nacho, wala usiamini maneno ya aliyekuuzia gari, kwa kuwa difu za magari haya zimebadilishwa mara nyingi katika miaka hamsini na zaidi. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma yote, egemeza ekseli kwenye stendi imara na si kwenye jeki peke yake, kisha weka giaboksi huru. Chora alama kwenye tairi na kwenye propela. Ikiwa difu ni ya kawaida, zuia gurudumu moja lisizunguke, zungusha la pili mizunguko miwili kamili na uhesabu mizunguko ya propela. Ikiwa ni difu inayoyafunga magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, mzunguko mmoja wa magurudumu unatosha. Propela ikizunguka mara tatu na nusu hivi, huenda una 3.55, ikikaribia tatu na robo tatu, una 3.73. Uhakika kamili hupatikana kwa kufungua difu na kuhesabu meno.

Kipenyo cha tairi husomwa ubavuni. Tairi la 235/60R15 lina upana wa milimita 235, na urefu wa ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 141. Zidisha kwa mbili, geuza ziwe inchi, ongeza inchi 15 za rimu, utapata inchi 26.1. Tairi la 275/60R15, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa linajaza vizuri nafasi ya gurudumu, hufika inchi 28. Mwenye difu ya 3.55 akihama kutoka tairi la kwanza kwenda la pili, gari lake litachomoka kana kwamba limefungwa gia za 3.31, na ili kurudisha hali ya awali angehitaji 3.81 hivi, ambapo gia za karibu zinazopatikana ni 3.73. Hii ndiyo sababu ya malalamiko ya wengi kwamba gari limekuwa zito baada ya kuvishwa matairi mapana, na wakati mwingine uzito huo ni wa kweli kabisa, kwa sababu tairi kubwa lina masi zaidi, na masi iliyo kwenye ukingo wa gurudumu hugharimu karibu mara mbili ya masi iliyotulia ndani ya gari.

Sasa tuje kwenye jambo linalosahaulika zaidi, yaani mshiko wa matairi barabarani. Chukua injini yenye msokoto wa niutoni-mita 500, giaboksi ya mkono ya gia nne ya Muncie M20 ambayo gia yake ya kwanza ni 2.52, difu ya 3.08 na tairi la inchi 26. Tukiacha nguvu inayopotea njiani, magurudumu yatasukuma barabara kwa takriban niutoni 11,750, ukifunga 3.73, zitakuwa zaidi ya 14,200. Lakini gari la kilo 1,700, ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake iko mbele kwa sababu ya V8, likiwa na matairi ya kawaida kwenye lami kavu, kwa makadirio yangu haliwezi kushika barabara kwa zaidi ya niutoni 8,000 hivi, hata baada ya kuhesabu uzito unaohamia nyuma gari linapoondoka. Kwa hiyo, katika gia ya kwanza, difu ya 3.08 tayari ina uwezo wa kuyatelezesha matairi, na nguvu inayoongezwa na 3.73 huishia kuwa moshi wa mpira.

Faida ya 3.73 huonekana baadaye. Katika gia ya tatu ya giaboksi hiyo, ambayo ni 1.46, nguvu hupanda kutoka niutoni 6,800 hadi takriban 8,250, na hapo gari husukumwa hadi kwenye ukomo wa mshiko wake. Ndiyo maana ninaona kwamba anayetaka kuondoka haraka zaidi kutoka kwenye kusimama anunue kwanza tairi lenye mpira laini na upana unaoingia bila kugusa bodi, na asiongeze urefu wake zaidi ya inavyolazimu. Gia zifuate.

Kwa mbio za robo maili, ambazo ni mita 402, chagua uwiano kwa kuanzia mwisho wa njia. Gari lako likivuka mstari kwa kilomita 160 kwa saa, tairi la inchi 26 huwa linazunguka takriban mara 1,285 kwa dakika. Injini ikitoa nguvu yake ya juu kabisa kwenye mizunguko 5,200, ni vyema ivuke mstari ikiwa imepita hapo kidogo, tuseme 5,400, na giaboksi ikiwa kwenye gia ya nne ya moja kwa moja (propela huzunguka sawa na injini). Gawanya 5,400 kwa 1,285, utapata 4.20, hivyo gia za 4.10 zinakufaa. Kwa tairi la inchi 28, hesabu hiyohiyo hudai 4.52. Kwenye giaboksi ya otomatiki acha nafasi kidogo, kwa kuwa konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) huteleza na kuipandisha mizunguko ya injini juu ya hesabu.

Safari ndefu hudai hesabu nyingine. Kwa kilomita 100 kwa saa na tairi la inchi 26, injini huzunguka karibu mara 2,475 kwa dakika ukiwa na 3.08, 3,000 ukiwa na 3.73, na 3,300 ukiwa na 4.10. Mimi ningeishia 3.73 kwa gari linalotembea barabarani kila wiki, isipokuwa liwe na giaboksi yenye ovadraivu, yaani gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini, kama TH700R4, ambayo gia yake ya nne ni 0.70 na huifanya 4.10 iwe kama 2.87 kwenye barabara kuu.

Kabla ya kununua gia, hakikisha kasha la ndani linalobeba krauni linazipokea. Difu ya Chevrolet yenye bolti 12, kwa mfano, hutumia makasha tofauti kwa uwiano mdogo na uwiano mkubwa, ilhali Ford ya inchi 9 haina kikwazo hicho. Kazi ya kuzifunga mwachie fundi mwenye vipimo, kwa maana nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na kosa dogo hujitokeza kama mlio usiokoma. Baada ya hapo endesha taratibu, pumzisha difu ipoe baada ya safari ya kwanza fupi, badilisha mafuta yake kwenye kilomita 800 hivi, kisha badilisha na gia ndogo inayoendesha spidomita, kwa kuwa tangu siku gia za difu zilipobadilishwa spidomita imekuwa ikisoma mwendo usio wa kweli.